Bibi wa Sevilla, mayai yake, na swali la mama lishe

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mchoraji wa kujifunza mwenyewe, niko Tanga. Mwaka mzima sasa nachora akina mama lishe wa stendi, nikitumia picha ninazopiga kwa simu. Juzi nimekutana na picha ya mchoraji wa Hispania, Velázquez, ya bibi anayekaanga mayai. Nilidhani ni picha ya kamera mpaka niliposoma mwaka wake: 1618. Rafiki yangu anasema wachoraji wa zamani walikuwa na kioo cha siri, wakifuatisha tu kivuli. Mimi nafuatisha picha ya simu mstari kwa mstari, lakini watu wangu wanatoka wamekufa, kama waliobandikwa. Nakosea wapi? La pili linanisumbua zaidi. Mama mmoja nilimwonyesha picha yake, akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: 'Mbona umenichora na shida zangu tu?' Sikuwa na jibu. Velázquez aliwezaje kuwachora watu wa hali ya chini wakaonekana na heshima? Aliwapenda kuliko sisi? Nimeambatanisha picha zangu tatu."*

Marahaba, mwanangu. Picha zako nimezitazama asubuhi, nikazirudia jioni. Mkono unao, hilo lisikusumbue. Nitaanza na habari ya kioo na ya kufuatisha mistari, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la yule mama, au walau nusu yake. Nusu ya pili ni nzito na tutaifikia.

Picha uliyoiona iko Edinburgh, kwenye jumba la taifa la sanaa la Uskoti, na imekuwa huko tangu 1955. Upana wake ni kama mita 1.2 na kimo chake kama mita moja, kwa hiyo bibi yule si mdogo kama anavyoonekana kwenye simu. Aliyeichora alikuwa kijana wa miaka 18 au 19. Diego Velázquez alibatizwa Sevilla Juni 1599. Akiwa na miaka kama 11 aliwekwa kwenye karakana ya mchoraji Francisco Pacheco. Machi 1617 alifaulu mtihani wa chama cha wachoraji, na mwaka uliofuata akamwoa Juana, binti wa mwalimu wake huyohuyo. Nayataja haya ili ujue kwamba bibi wa mayai ni kazi ya kijana aliyeoa juzi na anayetafuta jina, asiye na siri yoyote aliyorithi.

Sasa rafiki yako na kioo chake. Itazame picha tena, safari hii uanzie mezani. Chungu cha mayai umekitazama kutoka juu: unaona mduara mpana na mayai mawili yakiganda ndani. Rudi kwa bibi. Yeye umemtazama kutoka ubavuni, macho yako yakiwa karibu sawa na macho yake. Hapo pana jambo. Ukikaa mahali pa kumwona bibi hivyo, mayai huyaoni. Utaona ukingo wa chungu na labda mvuke. Ukisimama uyaone mayai hivyo, bibi utamwona utosi. Na meza nayo imeinama kuelekea kwetu kiasi kwamba, ingekuwa ya kweli, kitunguu kingebingirika hadi chini. Lenzi haiwezi kusimama mahali pawili kwa wakati mmoja. Mtu anaweza, kwa sababu mtu huinuka akachungulia chunguni, akaketi tena. Wapo wanaoliita hilo kosa la kijana ambaye hesabu za umbali hazijamkaa kichwani, na huenda kweli hazikuwa zimemkaa. Lakini alitaka tuyaone mayai, na tumeyaona.

Kwa hiyo unapoona "kama picha ya kamera", unachokiona hasa ni maamuzi mengi ya mtu mmoja yaliyofichwa vizuri. Hilo ndilo kosa lako la kwanza, na wengi tunalo: kudhani kwamba uhalisi ni kunakili kila kilichopo. Ukinakili kila kitu, macho ya mtazamaji hayajui yaende wapi, yanachoka, na picha inakufa.

Tuanzie chini kabisa, kwenye kitambaa. Pacheco aliandika kitabu kikubwa cha ufundi wa uchoraji, kilichochapwa 1649 yeye akiwa ameshafariki. Humo anasifu udongo wa Sevilla kwa kutandika turubai: udongo wa kawaida wa pale mjini, ukisagwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani. Picha za awali za mkwewe zimetandikwa rangi hiyo ya udongo, ya kahawia. Fikiria maana yake. Wewe unaanzia kwenye turubai jeupe. Kila kivuli unakijenga mwenyewe kwa jasho, na kila mara unaogopa kukifanya cheusi kupita kiasi, kwa sababu pembeni yake pana weupe unaokodoa macho. Velázquez anaanzia katikati, penye giza la wastani. Vivuli vimeshakuwepo kabla hajashika brashi. Kazi yake ni kuleta mwanga mahali anapotaka, kuzidisha giza mahali pachache, na kwingine kuacha udongo uonekane wenyewe. Ndiyo maana watu wake wanatoka gizani kama mtu anayesogea mlangoni, na wa kwako wanakaa juu ya turubai kama stempu juu ya bahasha. Ulisema "kama waliobandikwa". Umejipima vizuri.

Kisha mwanga wenyewe. Ni mmoja, mkali, unatoka kushoto. Unapiga uso wa bibi, kitambaa chake cheupe cha kichwani, mkono wenye yai, ganda la yai, chungu, na bakuli jeupe ambalo kisu kimelazwa juu yake kikitupa kivuli chembamba kilichopinda kufuata umbo la bakuli. (Kivuli kile cha kisu nimekinakili mara tatu kwa mazoezi na sijakipata hata mara moja.) Ukuta wa nyuma umeachwa gizani: kikapu kinaning'inia, taa za mafuta zinaning'inia, unavihisi zaidi ya kuviona. Kamera ya simu hufanya kinyume cha haya. Simu za siku hizi zimetengenezwa kukufungulia vivuli: zinachukua sehemu yenye giza na kuing'arisha, sehemu yenye mwanga mwingi na kuipunguza, ili kila kitu kionekane sawasawa. Ni jambo jema kwa picha ya harusi. Kwa mchoraji ni hasara, kwa sababu yule mama, ndoo iliyopasuka nyuma yake na bango la vocha vyote vimepewa uzito uleule. Tena ukimpiga mtu kwa karibu na simu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Wewe ukafuatisha, mstari kwa mstari, kwa uaminifu wote. Uliinakili simu vizuri sana, lakini yule mama bado hujamchora.

La tatu ni ngozi ya vitu, na hapa ndipo yule kijana anaponiacha hoi. Juu ya meza kuna kinu kidogo cha shaba na mchi wake, bakuli, mtungi uliopakwa glezi (kile kipako kinachong'aa kama kioo), kitunguu chekundu, na pilipili kavu. Sevilla ndiyo ilikuwa bandari ya meli za Amerika, na pilipili asili yake ni Amerika. Wareno ndio walioivusha hadi kwenye Bahari ya Hindi, kwa hiyo ile ya mezani kwa bibi ni ndugu wa hii unayokula Tanga na mihogo ya kukaanga. Kila kimoja kati ya vitu hivi kinarudisha mwanga kwa tabia yake. Shaba inatoa nukta kali ya mwanga, na kando yake tu pana giza. Udongo usiopakwa glezi unatawanya mwanga, hauna nukta, una ukungu mpana. Glezi iko katikati. Kioo cha chupa anayoishika mvulana aliyesimama kando ya bibi kina mstari mmoja tu wa mwanga pembeni, na ndani unaona rangi ya kilichoko nyuma yake. Velázquez anabadilisha urefu wa brashi, uzito wa rangi na ukali wa ukingo kwa kila kitu. Wewe sufuria, kanga na shavu umevipaka kwa mkono mmoja.

Na mayai? Amekamata dakika ile ute unapoacha kuwa maji na kuanza kuwa mweupe. Hakuna uchawi. Pembeni weupe umepakwa mwembamba mno hadi rangi ya chungu inapenya. Kuelekea kwenye kiini unanenepa na kuziba. Amefanya kwa rangi kile ambacho moto unafanya kwa yai. Umeshamkaangia mtu yai, umeliona hilo mara elfu. Lakini kwenye simu huwezi kuliona, kwa sababu simu ina hali moja tu ya yai: ile ya sekunde uliyobonyeza.

Hilo linanipeleka kwenye sababu kubwa kuliko zote, ambayo si ya rangi. Pacheco anasimulia kwamba Velázquez alipokuwa mwanafunzi alikuwa na mvulana wa kijijini aliyemlipa awe kielelezo chake, akamchora katika mikao mingi, mara akilia, mara akicheka, kwa mkaa na chaki nyeupe juu ya karatasi ya buluu. Kwa njia hiyo, anasema, alipata uhakika wa kuchora sura. Ukizitazama picha za Sevilla unaanza kuwafahamu watu wake kama majirani. Mvulana aliyeshika tikiti na chupa kwenye picha ya mayai anafanana sana na yule anayepokea glasi kwenye picha ya muuza maji. Bibi naye anatokea tena mwaka huohuo kwenye picha ya jikoni kwa Martha na Mariamu, iliyoko London, safari hii akiwa amenyosha kidole nyuma ya msichana anayetwanga. Jina lake halikuandikwa popote. Lakini mchoraji alimjua: alijua anavyoshika kijiko, alijua mishipa ya mkono wake, alimwona akichoka. Hata macho yake kwenye picha ya mayai hayapo kwenye mayai. Mpishi mzoefu hayatazami mayai muda wote, anayasikia.

Wewe yule mama ulimwona kwa dakika ngapi? Nauliza bila kukulaumu. Kwenye picha yako ya pili anatazama moja kwa moja kwenye simu, na uso ule naufahamu. Ni uso wa mtu anayesubiri uondoke ili aendelee na kazi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mapenzi yake kwa maskini, maana hapo napo pana hadithi tamu isiyo ya kweli. Picha za namna ile ziliitwa *bodegón*, neno linalotokana na sehemu za kula na kunywa za bei nafuu, migahawa ya watu wa chini. Wachoraji wengi waliojiheshimu walizidharau. Vicente Carducho, mchoraji wa ikulu, katika kitabu chake cha 1633 alilalamika juu ya wanaoishusha sanaa kwa kuchora mambo ya ulevini na jikoni. Mtu aliyepanda daraja alipaswa kuchora watakatifu na wafalme. Velázquez aliingia jikoni kwa sababu hapo palikuwa na nafasi ya kuonyesha uwezo. Mwandishi wa maisha yake, Antonio Palomino, alisimulia 1724 kwamba alipoulizwa mbona hachori mambo mazito na ya kupendeza zaidi, alijibu kuwa afadhali awe wa kwanza kwenye mambo hayo ya chini kuliko wa pili kwenye yale ya juu. Huyo ni kijana mwenye hesabu zake.

Na picha hazikununuliwa na wauza maji. Ile ya muuza maji ilikuwa mali ya Juan de Fonseca, kasisi wa ikulu aliyemsaidia kufika Madrid. Fonseca alipofariki 1627 ikaorodheshwa katika mali zake. (Leo iko Apsley House, London. Iliondoka Hispania na mizigo ya Joseph Bonaparte, nduguye Napoleon aliyewekwa kuitawala nchi hiyo, ikaangukia mikononi mwa Wellington, jemadari wa Waingereza, baada ya vita vya Vitoria 1813, na mfalme wa Hispania akamwachia. Vitu vizuri husafiri na wezi.) Mwaka 1623 Velázquez akawa mchoraji wa mfalme, na jikoni hakurudi tena kwa namna ile. Uzeeni alihangaika miaka mingi kuingia kwenye Shirika la Mtakatifu Yakobo, cheo cha waungwana, akakipata 1659. Katika uchunguzi wake mashahidi walitakiwa waeleze kwamba hajapata kuishi kwa kuuza kazi ya mikono yake. Mtu aliyechora mikono inayofanya kazi kuliko wote wa zama zake ilibidi athibitishe kwamba yake haikufanya.

Basi heshima unayoiona inatoka wapi, kama si kwenye huruma? Mtazame muuza maji. Joho lake limechanika begani, na Velázquez hakulishona. Umaskini upo, hajaufuta. Lakini mwanga hakuutupa kwenye ule mpasuko. Ameutupa kwenye uso wake, kwenye mtungi mkubwa ulio mbele ambao matone ya maji yanateremka ubavuni, na kwenye glasi safi yenye tini ndani yake, ambayo yeye na mvulana wameishika pamoja kwa sekunde ile moja ya kukabidhiana. Yaani amechora anachokijua muuza maji: mtungi mzuri, maji baridi, glasi isiyo na doa, namna ya kumpa mteja bila kumwaga. Hatuombi chochote, wala hatuchekei. Yuko kazini na kazi anaiweza.

Rudi kwenye picha yako ya tatu, ya huyo mama aliyekuuliza. Kitu kilichochorwa kwa makini kuliko vyote ni tundu la kanga. Cha pili ni masizi ukutani. Cha tatu ni ufa wa ndoo. Mikono yake, ambayo ndiyo inayosukuma chapati mia tangu alfajiri, imekatwa na ukingo wa turubai. Mwanangu, yule mama ni mhakiki mzuri kuliko mimi. Aliona ulipouweka mwanga. Hakukuambia uifiche shida yake. Neno lake lilikuwa "tu". *Shida zangu tu.* Uligeuza alichonacho kuwa usuli, na anachokosa ukakifanya kiini cha picha. Na sidhani ulikusudia. Simu ilikupa vyote kwa uzito sawa, na jicho letu sisi wachoraji hukimbilia kilichochanika kwa sababu kinachoreka kwa urahisi. Kitambaa kilichochanika kina mistari mingi ya kufurahisha. Mkono unaosukuma chapati ni mgumu.

Nilikuahidi nusu nzito. Iko Roma, mwaka 1650.

Velázquez alikwenda Italia mara ya pili na mtu aliyeitwa Juan de Pareja, mzaliwa wa Antequera, mwenye asili ya Kiafrika, aliyemsaidia karakanani. Alikuwa pia mtumwa wake. Sevilla ulikuwa mji wa watumwa wengi. Hesabu iliyofanywa 1565 iliwakuta 6,327, na wengi wao walitoka Afrika. Hata kati ya picha zake za jikoni kuna msichana mwenye asili ya Kiafrika aliyeinamia meza yenye kinu na vyombo. Picha hiyo ipo kwa namna mbili, moja Chicago na nyingine Dublin. Ile ya Dublin iliposafishwa 1933 dirisha lilijitokeza kwenye kona: Kristo ameketi mezani Emau, na msichana upande huu kama anayesikiliza. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakimtazama msichana bila kujua anasikia nini.

Pale Roma, kabla ya kumchora Papa Innocent wa Kumi, Velázquez alimchora Pareja. Kiuno na kwenda juu, joho limepita begani, ukosi mweupe, mkono mmoja umekuja mbele ya kifua, na macho yanayokutazama bila kuomba ruhusa. Machi 19, 1650 picha ilionyeshwa Pantheon, na Palomino anasimulia kwamba wachoraji wa mataifa mbalimbali walikubaliana kuwa vingine vyote vilikuwa uchoraji, hiyo peke yake ilikuwa kweli. Ukiitafuta utaona kwa nini. Ni picha yenye heshima kuliko nyingi alizowachorea wafalme wake. Na mtu yule, saa ile anachorwa, alikuwa mali ya mchoraji. Hati ya kumwacha huru iliandikwa palepale Roma Novemba 1650, na ilikuwa na sharti: aendelee kutumika miaka minne zaidi. Baadaye akawa mchoraji kwa jina lake. Kwenye jumba la Prado, Madrid, ipo picha yake kubwa ya 1661, Wito wa Mathayo, na upande wa kushoto amejichora mwenyewe amesimama, ameshika karatasi yenye sahihi yake. Ile ya Velázquez iliuzwa mnadani London 1970 kwa zaidi ya pauni milioni 2, sasa iko New York. Sura ya Pareja imenunuliwa ghali kuliko alivyopata kununuliwa yeye, na sijui kama hilo ni la kucheka au la kunyamaza.

Kwa hiyo swali lako, "aliwapenda kuliko sisi?", nalijibu hivi. Aliwatazama vizuri kuliko sisi. Kutazama vizuri na kumtendea mtu haki ni mambo mawili, na picha ya Pareja ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuwa na la kwanza miezi mingi kabla ya kulifikiria la pili. La kwanza unaweza kujifunza kwake. La pili itabidi ulitafute mwenyewe, pale stendi.

Ufanye nini basi? Wapo watakaokuambia utupe simu na uchore ana kwa ana tu. Ni ushauri mzuri kwa mtu asiye na haraka na mwenye vielelezo vya kulipwa. Mama lishe hawezi kukukalia saa tatu; chapati zitaungua na wewe utakuwa umemtia hasara. Njia ya katikati ndiyo ninayoitumia: nenda baada ya wateja wa asubuhi kupungua, kaa pembeni kwa nusu saa, chora mikono tu kwa mkaa. Kesho yake rudi, mikono tena. Siku ya tatu uso. Simu itumie kukumbuka sufuria lilikaa wapi, wala usiitumie kwa nyuso. Gharama yake ni muda, na utapata picha chache kwa mwezi kuliko sasa. Kama unaziuza kwa watalii na ndizo zinazokulipia kodi, hiyo ni hasara ya kweli na sitajifanya haipo. Unaweza kuendelea na zile za haraka kwa riziki huku mbili tatu kwa mwaka ukizifanya kwa njia hii.

Mlipe, hata kama ni kununua chakula siku zote unazokaa na kuongeza kidogo juu, na muulize kabla ya kuuza. Mwulize pia anataka achorwe na nini. Jibu lake linaweza kukukera. Huenda akataka avae gauni la Idi na asimame mbele ya ua la plastiki. Mchore hivyo mara moja. Utajifunza kitu.

Kwenye rangi, tandika turubai kwa kahawia ya wastani, akriliki inatosha kwa kazi hiyo, kisha juu yake unaweza kutumia rangi za mafuta. Usigeuze, akriliki haikamati juu ya mafuta. Jizuie kwa rangi nne: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Ngozi zetu zote zimo humo ukichanganya kwa subira. Yeye alitumia nyeupe ya risasi, wewe usiitafute, ni sumu. Nyeupe ya titani ipo madukani. Tapentaini itumie nje au penye dirisha lililo wazi. Ukianza kuumwa kichwa au kubanwa kifua kila unapochora, acha, nenda hospitali, na uwaambie unafanya kazi na nini.

Kuna mambo siwezi kuyaona kwenye skrini. Sijui rangi yako umeipaka nene kiasi gani, sijui kama vivuli vyako ni vyeusi kweli au simu ndiyo imevifanya hivyo, kama ilivyofanya kwa yule mama. Hayo yanahitaji mtu asimame mbele ya turubai lenyewe. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, TaSUBa, na Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space ambako wachoraji wana karakana zao na utawakuta wakifanya kazi. Ukipata nauli, nenda na turubai mbili tatu na uwaombe wazitazame. Ubebe na ile ya tatu, jinsi ilivyo. Usiirekebishe kwanza.